Funika Kombe Mbele ya Nani? Kinjeketile Ikisomwa kutoka Nachingwea

Utangulizi

Wengi wetu tulioisoma Kinjeketile ya Ebrahim Hussein kwa ajili ya mtihani tunalikumbuka jibu. Swali huwa hili: kwa nini mwishoni Kinjeketile anakataa kuwaambia watu kwamba maji yalikuwa uongo? Na jibu, ambalo mimi mwenyewe niliandika nikiwa sekondari Nachingwea na mwalimu akanitilia vema, ni kwamba alikataa kwa sababu ya uzalendo. Kwamba ukweli wakati mwingine hauna budi kufichwa ili umoja usivunjike. Tukapata alama zetu, tukaenda zetu.

Siku hizi naitilia shaka ile vema. Si kwamba jibu ni la uongo. Ni nusu. Na nusu iliyokosekana ndiyo inayotugusa sisi tunaoishi katika nchi ambayo mtu akitoa hesabu ya fedha za umma nje ya kabati huulizwa kwanza ametumwa na nani, kabla ya kuulizwa kama hesabu yenyewe ni sahihi. Dai la makala haya ni moja: kwamba tamthiliya ya Hussein haifundishi kuficha ukweli. Inafundisha kwamba ukweli una anwani. Jambo lile lile likisemwa kwa huyu ni wajibu, likisemwa kwa yule ni usaliti, na mtoa siri hatuwezi kumpima kabla hatujauliza alikuwa anamwambia nani, na nani alilipa gharama ya maneno yake.

Nitaanza na lugha, kisha tamthiliya, halafu nitaisoma tamthiliya hiyo kwa macho ya mahali nilipokulia, yaani Nachingwea na jirani yake Ruangwa. Naamini huko kuna matukio yanayoifasiri Kinjeketile vizuri zaidi kuliko madaftari yetu ya "maudhui na fani".

Kombe na uchi

Hebu tujiulize: kwa Kiswahili, mtu anayetoboa maovu ya wakubwa wake anaitwaje? Tunayo mchongezi. Tunayo mfitini, mmbeya, mzandiki. Mtaani tuna shushushu, na tuna kitenzi kizima cha "kumchoma mtu". Yote haya ni ya kulaani. Sheria ya mwaka 2015 ya ulinzi wa watoa taarifa na mashahidi imetuletea "mtoa taarifa", neno safi, lisilo na damu wala chumvi, linalosikika kama la mtu anayetangaza saa ya basi kuondoka. Lugha yetu, kwa harakaharaka, inaonekana kuwa upande wa wafichaji.

Lakini tusiihukumu lugha kwa msamiati wake tu. Tuiulize na methali. Wafichaji wanayo moja wanayoipenda mno: funika kombe mwanaharamu apite. Wafichuaji nao wanazo zao: mficha uchi hazai, na mficha maradhi kifo humuumbua. Walimu wetu wametuzoesha kusema kwamba methali hupingana. Hizi hazipingani hata kidogo. Tazama vizuri. Katika ile ya kwanza kuna watu wa aina mbili: wale waliolizunguka kombe, na yule mwanaharamu anayepita. Kombe linafunikwa kwa ajili ya mpita njia. Halifunikwi kwa ajili ya wenye njaa waliokaa mkekani. Akishapita, linafunuliwa, watu wanakula. Vinginevyo chakula kingepikwa cha nini? Na katika ile ya pili, mja mzito hakuambiwa avue nguo sokoni. Ameambiwa asimfiche mkunga.

Kwa hiyo wahenga hawakutuuliza kama kufunika ni kuzuri au kubaya. Walituuliza: aliye mbele yako ni mpita njia au ni mkunga?

Sisi wa Kusini jambo hili tunalijua hata kabla ya shule. Anayetoka jandoni au unyagoni hutoka na siri, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema kwamba siri ile ni ufisadi. Ni siri ya wote walioipitia, na kila anayefikia umri wake huingizwa humo. Siri inayooza ni ile ambayo wenyewe wenye mali ndio wasioruhusiwa kuijua.

Kinjeketile mara mbili

Sasa turudi kwenye tamthiliya, iliyochapishwa mwaka 1969. Wahakiki wengi wameielekea ile hatua ya mwisho tu, Kinjeketile mikononi mwa Wajerumani, kana kwamba hapo ndipo alipotakiwa kusema kwa mara ya kwanza. Sivyo. Kinjeketile anatakiwa kusema mara mbili.

Mara ya kwanza ni kabla ya vita. Ametoka mtoni akiwa na neno la Hongo. Watu wa makabila mbalimbali, waliokuwa wakitazamana kwa chuki, wameunganishwa na neno hilo. Kisha mwenyewe anaanza kulitilia shaka. Anaona kwamba ndani ya ahadi ile umo mtego: kumtoa bwana mmoja na kumkaribisha mwingine. Anawaambia watu wasubiri. Lakini kile kinachomtafuna, shaka juu ya maji yenyewe, hakitoi hadharani. Kitunda, ambaye ni mpiganaji na mtu wa kupima mambo, anamkabili. Kitunda anajua kwamba askari anayeamini risasi itageuka maji hatajifunza kujificha nyuma ya mti. Hapa ukweli una kazi ya kufanya: ungeokoa watu. Na wanaopaswa kuuambiwa ni wale wale ambao miili yao italipa. Hao ndio wakunga. Kinjeketile anasita, neno linakua hadi linamshinda aliyelizaa, watu wanaenda, wanakufa.

Mara ya pili ni gerezani. Ukweli ni ule ule, haujaongezeka wala kupungua. Lakini sasa anayeutaka ni ofisa wa Kijerumani, na anautaka kwa kazi nyingine kabisa: watoto na wajukuu waambiwe kwamba kupigana kwenyewe kulikuwa kosa. Huyu ndiye mwanaharamu anayepita. Kinjeketile anafunika kombe, na anakubali kufa.

Nasema basi: alikuwa sahihi mara ya pili, na alikuwa na hatia mara ya kwanza. Na Hussein anajua hivyo, ndiyo maana hakumwacha shujaa wake afe peke yake na utukufu wake. Amemweka Kitunda karibu naye katika saa ile ile, Kitunda yule yule aliyetaka ukweli usemwe mapema. Uwepo wa Kitunda ni deni linalomtazama Kinjeketile usoni.

Nitapingwa kwamba Kinjeketile alijaribu, watu ndio hawakungoja. Ni kweli, na hapo ndipo uzito wa tamthiliya ulipo. Ukweli unaocheleweshwa haukai mahali ulipoachwa. Bei yake inapanda. Leo ungegharimu aibu, kesho utagharimu umoja, kesho kutwa utagharimu maisha. Kinjikitile wa historia, Kinjikitile Ngwale, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Hakuwa na muda wa kurudi na kusahihisha. Wamwera na Wangindo, watu wa maeneo ninayoyasemea hapa, walipigana bila yeye, na walikufa bila yeye.

Basi jibu letu la mtihani limeichukua haki ya mara ya pili na kuifunika nayo hatia ya mara ya kwanza. Na huo ndio mchezo ambao kila mwenye madaraka anaucheza: anawageuza wananchi wake kuwa "ofisa wa Kijerumani". Mkitoa hesabu hizi adui atafurahi. Adui ni nani? Ukitazama vizuri, ni anayeuliza.

Karanga

Mtu akitaka kuona ukweli uliokosea anwani, ashuke Nachingwea. Mji wenyewe kwa sehemu kubwa ni mtoto wa Mpango wa Karanga ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947. Walipanga kulima zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa ikiwa huku Kusini, ili Waingereza wapate mafuta ya kula. Reli ikajengwa kutoka pwani kuja Nachingwea, na bandari ya Mtwara nayo inatokana na mpango huo. Januari 1951 serikali yao ikatangaza kuuacha. Hasara ilikuwa takribani pauni milioni 36. Reli nayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Kabla ya kifo hicho walikuwapo waliosema. Wakaguzi wa hesabu za Shirika la Chakula la Ng'ambo, lililousimamia mpango, waliandika kwamba vitabu havikutunzwa ipasavyo. Wajumbe wawili wa bodi waliondolewa mwishoni mwa 1949 katikati ya ugomvi wa nani abebe lawama. Na Alan Wood, mwandishi wa habari aliyekuwa mkuu wa kitengo cha habari cha Shirika, yaani mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuupamba mpango, aliacha kazi na mwaka 1950 akachapisha kitabu, The Groundnut Affair, kilichoeleza kwa undani jinsi mambo yalivyoharibika.

Mimi Wood namheshimu. Hakuandika kama adui wa nje. Aliandika kama mtu wa ndani ambaye hakuweza tena kuendelea kutangaza mavuno yasiyokuwapo. Na hili ni jambo la kuliweka moyoni tunapozungumzia imani inayomsukuma mtoa siri. Mara nyingi hasukumwi na chuki. Anasukumwa na kule kuamini kazi kupita wakubwa wake. Wao wanaamini cheo. Yeye alikuwa anaamini karanga.

Lakini kitabu kile kilipelekwa kwa nani? Kwa mlipa kodi wa Uingereza. Makosa yaliyohesabiwa yalihesabiwa kwa pauni. Babu yangu mzaa mama alikuwa miongoni mwa maelfu waliokata msitu ule. Hakusoma ripoti, hakumsikia Wood, wala hakuna mkutano ulioitishwa. Alikuwa akisema walijua mpango umekufa kwa masikio: asubuhi moja matrekta hayakuwashwa. Mbele yake kulikuwa na ardhi iliyofyekwa, na nyuma yake shamba lake aliloliacha likawa pori. Hasara hiyo haimo katika zile milioni 36.

Kwa hiyo ukweli ulisemwa, na kwa ujasiri, lakini ulipita juu ya vichwa vya waliolipia kwa migongo yao. Kwa kipimo cha Kinjeketile, wakunga hawakuitwa.

Waraka na ungamo

Mashamba yale hayakubaki matupu moja kwa moja. Miaka ya 1960 FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, kilifanya Nachingwea kuwa kambi yake kubwa ya mafunzo. Sisi wa huko tumekua tukijivunia jambo hilo, na tuna haki ya kujivunia. Lakini kiburi cha kweli hakiogopi kutazama pembeni. Na pembeni pamesimama mtu mmoja: Mchungaji Uria Simango.

Simango alikuwa Makamu wa Rais wa FRELIMO tangu 1962. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Chama kikawekwa chini ya watu watatu: Simango, Samora Machel na Marcelino dos Santos. Novemba mwaka huo Simango akatoa waraka, Gloomy Situation in Frelimo, ambamo aliwatuhumu wenzake kwa mauaji ndani ya chama na kwa upendeleo wa ukanda. Ndugu msomaji ataona kwamba ni mwaka ule ule ilipotoka Kinjeketile. Mji ni mmoja, mwaka ni mmoja, na swali ni moja: wakati wa vita vya haki, unaweza kusema yanayoozea ndani?

Jibu alilopewa Simango ni kusimamishwa na kufukuzwa. Baada ya mambo ya Ureno kubadilika mwaka 1974 alirudi Msumbiji na kujiunga na chama cha upinzani, akakamatwa, na mwaka 1975, kabla ya uhuru wa Msumbiji wa tarehe 25 Juni, akaletwa Nachingwea. Pale, mbele ya hadhara, akasoma ungamo refu la kukiri usaliti. Baadaye aliuawa, yeye na wengine waliooneshwa pale, bila kufikishwa mahakamani. Kwa miaka mingi umma wa Msumbiji haukuambiwa hata kwamba wamekufa.

Sina nia ya kuamua hapa kama kila alichoandika Simango kilikuwa kweli. Alikuwa na lake. Alikuwa amekosa kiti alichodhani ni haki yake, na wenzake nao walikuwa na tuhuma nzito dhidi yake. Wako watakaosema: mnaona, alisema kwa uchu wa madaraka! Inawezekana. Lakini mhakiki makini hatafuti mtoa siri aliye malaika. Malaika hawamo ofisini, hawazioni nyaraka. Anayezijua siri ni yule aliyekuwa mezani, na aliyekuwa mezani mikono yake nayo ina mchuzi. Siri ya mtungi aijuaye kata. Nia yake ni jambo lake na Mungu wake. Madai yake ni jambo letu sote, na dawa ya madai ni uchunguzi. Mtu akisema nyumba inaungua, huanzi kwa kumuuliza kama anampenda mwenye nyumba.

Ninachotaka kukionesha ni jinsi onyesho lile la Nachingwea linavyoigeuza Kinjeketile juu chini. Katika tamthiliya, mkoloni anamtaka mfungwa akane neno lake mbele ya watu, na mfungwa anakataa. Nachingwea, mkombozi alimtaka mfungwa akane neno lake mbele ya watu, na mfungwa akasoma. Simlaumu Simango kwa kusoma. Sijui mimi ningefanya nini. Ninauliza kuhusu jukwaa. Ungamo linalotolewa na mtu ambaye hawezi kuondoka limeandikiwa nani? Si kwa ajili ya wasikilizaji wajue. Ni kwa ajili ya wasikilizaji wajifunze kunyamaza. Kwa sura ni uwazi mtupu: hadhara ipo, mfungwa anasema. Kwa ndani ni kombe lililofunikwa mara mbili. Tujihadhari basi na wale wanaodhani kwamba uwazi ni mambo kusemwa kwa sauti kubwa tu.

Kiswahili cha redioni

Tusiseme hayo ni ya zamani. Mwishoni mwa 2018, Profesa Mussa Assad, wakati huo Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, alihojiwa na idhaa ya Umoja wa Mataifa akiwa New York, akaulizwa kwa nini ripoti zake hazileti hatua. Akataja udhaifu wa Bunge. Januari 2019 aliitwa mbele ya kamati ya maadili. Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya kazi naye. Novemba mwaka huo nafasi yake ikachukuliwa na mwingine.

Neno lililozungumzwa sana ni "dhaifu". Mimi kama mwanafunzi wa fasihi navutiwa na malalamiko mengine yaliyosikika pembeni yake: kwamba aliyasema ugenini. Yaani amefunua kombe mbele ya mwanaharamu. Lakini mahojiano yale yalikuwa ya Kiswahili, jamani! Wasikilizaji wa idhaa ya Kiswahili ni akina nani kama si sisi? Maneno yalipita New York kama barua inavyopita posta. Anwani yake ilikuwa huku. Hapo ndipo ninapoona usomaji mbaya wa Kinjeketile ukifanya kazi nje ya darasa: mwananchi anayesikiliza redio kijijini amehesabiwa kuwa mgeni katika nyumba yake.

Sheria zetu nazo zimesimama mguu mmoja huku na mmoja kule. Tunayo Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 inayomtisha mtumishi anayetoa nyaraka za siri. Tunayo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Tulijiunga na Mpango wa Uendeshaji wa Serikali kwa Uwazi mwaka 2011, tukajitoa 2017. Ukizisoma pamoja ni kama mtu anayefunua na kufunika kombe lile lile hadi chakula kinapoa.

Mapato na matumizi

Nimalizie mfano wangu Ruangwa, kwa sababu huko ndiko nilikoona jambo hili likitendeka bila vitabu.

Sheria ya serikali za mitaa ya 1982 inataka mkutano wa kijiji ukutane kila baada ya miezi mitatu, na humo wananchi husomewa mapato na matumizi. Maneno hayo mawili kila mtu kijijini anayajua. Hayahitaji elimu ya siasa. Katika wilaya inayolima korosho na ufuta, na ambayo sasa inachimbwa madini ya kinywe, mapato si hadithi: kuna makato ya kila kilo, kuna ushuru, kuna fidia.

Mjomba wangu, na wenzangu wa Kusini wanajua uzito wa mjomba kwetu, aliinuka katika mkutano mmoja wa namna hiyo. Kijiji nakiacha bila jina. Alikuwa ameshika kipande cha karatasi.

"Mheshimiwa mwenyekiti, tunaomba tusomewe mapato na matumizi."

"Mzee wangu, hilo halimo kwenye ajenda ya leo."

"Basi liingizwe. Sisi hatuna haraka, mvua bado."

Watu wakacheka, kisha wakanyamaza, kwa sababu Mjomba alianza kusoma tarakimu kutoka kwenye karatasi yake. Hakutukana mtu. Alisoma jumla, akasoma zilizotajwa mkutano uliopita, akauliza tofauti imekwenda wapi. Swali la kwanza alilojibiwa nalo halikuhusu tofauti. Lilikuwa: "Nani kakupa hiyo karatasi?"

Hilo ndilo swali la ofisa wa Kijerumani. Na Mjomba, ambaye hajawahi kuisoma Kinjeketile, alitenda sahihi mara zote mbili kwa wakati mmoja. Mbele ya wanakijiji alifunua kila kitu. Mbele ya swali lile alifunika: jina la karani aliyenakili tarakimu zile usiku halikutoka kinywani mwake, siku ile wala baadaye. Aliitwa mchongezi. Kuna nyumba ambazo hakualikwa tena kwenye matanga. Karani naye, baada ya miezi michache, aliambiwa kazi hakuna. Hesabu zilisomwa, ndiyo, katika mkutano uliofuata, na sehemu ya fedha ikaonekana, si yote. Nisiwadanganye kwamba hadithi ina mwisho mtamu.

Jina la karani yule mimi ninalijua. Nilipoanza kuandika makala haya nilijiuliza kama nimheshimu kwa kulitaja. Nikaona kwamba ningekuwa nimelijibu swali la mwenyekiti kwa niaba yake. Kwa hiyo nami nafunika.

Hitimisho

Makala haya hayakukusudia kumvua Kinjeketile ushujaa wake. Yamekusudia kuutenganisha ushujaa huo na matumizi mabaya tunayoyafanya nao. Hussein ametupa mhusika aliyenyamaza mahali pawili: pamoja alipotakiwa asinyamaze, na pamoja alipotakiwa anyamaze. Sisi tumeyachanganya hayo mawili na kuyaita uzalendo.

Kipimo ninachopendekeza kwa wahakiki wenzangu, kwa tamthiliya hii na kwa nyingine zinazohusu siri na dola, ni maswali matatu. Siri hii ni mali ya nani? Anayeambiwa ni mlipaji au ni mpita njia? Na gharama ya kusema inabebwa na nani, msemaji au mtu mwingine asiyeulizwa? Wood alikuwa mkweli na jasiri, ila barua yake haikufika Nachingwea. Simango alisema akiwa na lake moyoni, lakini alistahili kuchunguzwa alichokisema, asisomeshwe ungamo. Mkaguzi alisema kwa lugha ya wenye mali akaambiwa yuko ugenini. Mjomba alisema kwa wenye mali, na bei akailipa mwenyewe. Ila karani naye alilipa, na hilo linanisumbua hadi leo.

Nawaomba walimu wetu, swali lile la mtihani likirudi tena, waliongeze kipengele kidogo: je, Kinjeketile alipaswa kusema lini, na kwa nani? Alama zake ziwe nyingi kuliko za kile cha kwanza. Atakayeandika "uzalendo" peke yake asipewe vema nzima.